Tangi Chini ya Mzabibu

Fall River, Massachusetts
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mdogo wangu Norberto,

Nakusalimu kwanza kabla ya mengine yote, maana hata mwenye hasira ana mama aliyemfundisha adabu. Barua hii ikukute na afya yako, na ng'ombe wako kumi na wanane wawe na yao. Nimesikia kwa binamu zetu kwamba mgongo unakukaba ukiinama kukamua, na kwamba daktari umemkataa. Ukoo wetu ndivyo ulivyo, tunakufa tumesimama. Mimi sijambo ukiondoa sukari, ambayo naishika kwa kujinyima kila kitamu kilichobaki duniani. Lídia ni mzima, ana miaka thelathini na miwili sasa na anafundisha hesabu. Mama amefikisha themanini na sita. Akili yake ni wembe, masikio ni ya paka, ila magoti yamegoma, na nyumba yetu unaijua ilivyo na ngazi.

Najua umeushangaa mwandiko wangu. Tangu Baba afariki, mwaka wa kumi na tano huu, nimekuwa nikikutumia kadi ya Krismasi yenye jina langu chini na si neno zaidi. Leo nina mengi, na mengi yake ni ya hasira, basi kaa chini usome bila kuruka.

Nyumba tumeiuza. Au tulidhani tumeiuza. Nimempatia Mama nyumba isiyo na ngazi ng'ambo ya mto, huko Somerset, na arubuni nimekwisha kuweka kwa fedha za karakana yangu ya mapazia, ambayo unakumbuka niliianza na cherehani moja na leo ina wanawake ishirini na wawili. Wanunuzi wa nyumba yetu ni mume na mke kutoka Boston, watu wa kusifu kila kitu. Wakasifu sakafu, wakasifu vibaraza vyote vitatu, wakamsifu Mama mpaka akaniuliza kwa Kireno kama wanataka kumnunua naye. Kisha wakamleta mkaguzi wao, mwenye kijiti cha kunusa chuma. Akazunguka ua mzima kimya. Alipofika chini ya chanja ya mzabibu, kijiti kikalia kama paka aliyekanyagwa.

Akaniuliza kama nina habari za tangi la mafuta. Nikamjibu kwamba ninazo, lilifungwa mwaka tisini na mbili mtaa ulipoingizwa gesi. Akaomba karatasi ya zimamoto. Karatasi! Nyumba hii ina vyeti vya ubatizo vya watu waliokufa kabla sijazaliwa, ina risiti ya jiko lililotupwa, lakini karatasi ya tangi haina, kwa sababu Baba aliamini kwamba kazi inayowezekana kwa mikono ya nyumbani, mji hauna haja ya kuijua. Wanunuzi wakaacha kusifu siku hiyohiyo. Wakasema watarudi tangi likitolewa na udongo ukipimwa. Mkaguzi alikuwa amechoma udongo kwa ufito wake na kuunusa, na harufu haikuhitaji kupimwa.

Jumanne jioni tukakaa mezani, Mama, mimi na wakili. Mama hakumung'unya maneno. Alisema Norberto ndiye aliyemwaga, basi Norberto atadeki. Wakili akaandika ukurasa mmoja: kwamba wewe unakiri kuwa Oktoba 1992 ulifukia mafuta chini ya mchanga bila kuyatoa, na kwamba gharama ya kusafisha, yote, itoke kwenye fungu lako la nyumba. Ilibaki sahihi yako tu. Na nikueleze yote: tarehe, vipimo vya tangi na kina chake, wakili alivipata kwangu. Nilimtajia bila kuangalia mahali popote.

Yaliyotangulia unayajua kuliko mimi, lakini nitayaandika, kwa sababu hesabu isiyoandikwa kila mtu huijumlisha anavyotaka. Tangi lilikuwa la galoni mia tano na hamsini. Baba alikuagiza ulifunge, nawe ulikuwa na miaka ishirini na saba na hujawahi kumkatalia neno. Mimi nilikuwa orofa ya juu na Lídia mchanga, na kwa siku tano nilisikia sepetu lako. Uliazima pampu ukanyonya mafuta yaliyobaki. Ukakata mlango kwenye bati la juu, ukaingia ndani, ukatoka mweusi kiasi kwamba Mama alikuvulia nguo uani. Kisha ukajaza yadi tatu za mchanga kwa toroli, kutoka uchochoroni, kwa kuwa lori halikuweza kupita chini ya chanja.

Mwisho ulitaka kukata yale mabomba mawili yaliyotokeza juu ya ardhi, la kujazia na la kupumulia. Baba akakataa. Mzabibu ulikuwa umeyakumbatia yote mawili, na kona nzima ya chanja ilikuwa imeegemea bomba la kupumulia. Alisema mama yake aliuvusha mzabibu ule kutoka kisiwani kwetu São Miguel ukiwa kijiti ndani ya soksi ya mvua, na kwamba hatakuja mtu kuukata kwa ajili ya bomba. Nyumba zote za Wareno mtaani zilikuwa hivyohivyo, mabomba ya mafuta yamegeuzwa nguzo za zabibu. Nikifikiria hilo sasa nataka kumfufua Baba ili nimgombeze.

Aprili 1993 kovi za Mama ziligeuka njano, mstari mzima wa kando ya chanja, zile mboga za majani mapana alizogawia mtaa kwa supu. Baba akachimba hadi kiwiko, akaweka vidole puani. Ilikuwa mchana wa Pasaka, mkate mtamu wenye mayai ulikuwa bado mezani, na wajomba walikuwapo kusikia vizuri. Akakuambia mbele yao kwamba umetupa mchanga juu ya mafuta kama mvivu anayefagia takataka chini ya mkeka. Ulisema ulilikwangua tangi kwa mikono yako. Akasema mikono haina mdomo. Ukaapa kwa Bwana Santo Cristo, naye akakwambia usimtumbukize Santo Cristo kwenye mafuta machafu, amekwisha kuteswa vya kutosha. Wajomba wakacheka. Agosti ukabeba sanduku ukarudi kisiwani kwa bibi mzaa mama, na hatujakuona tena.

Hapa nina swali nimelitafuna miaka yote. Kwa nini hukuchimba? Ule mlango ulioukata ulikuwa futi tatu tu chini. Saa mbili za sepetu na ungewaita wajomba wote waje wachungulie. Badala yake ukachukua kiburi chako na sanduku. Mtu anachafuliwa jina naye ana sepetu mkononi, halafu anakwenda kununua tiketi! Nimekukasirikia kwa hilo hata ninapokata vitambaa, mkasi unakwenda kombo.

Sasa sikiliza ya Alhamisi. Mkandarasi anaitwa Thibodeau, Mfaransa wa Kanada mwenye tumbo la kuheshimika, anayezungumza na matangi kama watu wengine wanavyozungumza na farasi. Alikuja na katapila ndogo. Pia alikuja luteni wa zimamoto, maana sheria inataka awepo, akasimama mikono kifuani. Mama alikaa kibarazani na koti la Baba. Kwanza walikata mzabibu kwa msumeno. Nilidhani Mama atapiga kelele. Alikunja tu mikono ya koti.

Walipofika kwenye bati, Thibodeau akasimamisha katapila, akashuka shimoni, akapiga magoti. Akapitisha glovu kwenye kingo za ule mlango wako, taratibu, kama fundi nguo anayekagua pindo la mwenzake. Akamwita luteni aje aone. Akasema amefungua matangi zaidi ya mia nne, na mengi yaliyofungwa na watu wa nyumbani ni aibu tupu, lakini huyu aliyefanya hili alifanya kana kwamba askofu atalala humo. Wakautoa mchanga ndoo baada ya ndoo. Chini hapakuwa na lile tope jeusi linaloachwa na mafuta yasiyotolewa. Kuta zilikuwa na alama za kikwangulio, safu kwa safu, zote upande mmoja. Sakafuni palikuwa na vitundu vya kutu saba, vidogo kama punje za mchele.

Ila mchanga wenyewe ulikuwa umeloa. Na haukuloa kutoka chini kwenda juu. Doa lilianzia mdomoni mwa bomba la kujazia, likashuka likitanuka. Thibodeau akalitazama, akavua kofia, akajikuna. Akasema mafuta haya hayakuachwa na aliyefunga tangi, yalimiminwa baadaye, kutoka juu, juu ya mchanga. Akauliza ni punda gani aliyemimina mafuta mazuri kwenye tangi la mchanga. Watu wakacheka. Nami nikacheka, Norberto.

Mama Kiingereza chake ni cha dukani, unajua. Akaniuliza kutoka kibarazani huyo mnene amesema nini. Nami, ambaye nimemtafsiria mama yangu kila daktari, kila karani na kila padre wa Kiayalandi tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikamjibu kwa Kireno kwamba anasema tangi ni bovu, lilivuja, ndivyo yalivyo matangi ya zamani.

Yule luteni akageuka. Sikuwa nimesoma jina kwenye koti lake. Akamwambia Mama, kwa Kireno cha kwetu chenyewe, kile cha kuvuta midomo, "Samahani mama yangu, huyu bwana hakusema hivyo." Kisha akamtafsiria yote, moja baada ya moja: mlango, kuta, doa, kwamba aliyefunga hana kosa. Hata punda hakumwacha.

Mama hakulitazama tangi. Alinitazama mimi. Naye anajua kuhesabu: katika nyumba ile, bahasha zilikuwa zinafunguliwa na mtu mmoja tu.

Ningependa kukuambia kwamba nilijitokeza mwenyewe. Sikujitokeza. Nilichimbuliwa, pamoja na tangi. Basi soma.

Mkataba wetu na kampuni ya mafuta ulikuwa wa kujaziwa bila kuagiza. Wao walihesabu siku za baridi na kujua lini tangi limepungua, lori likaja lenyewe. Karatasi za nyumba zote zilikuwa kazi yangu. Oktoba ile niliandika mambo mawili kwenye orodha: kupigia gesi waanze, kupigia mafuta waache. Gesi nilipiga. Mafuta nilisema nitapiga kesho. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba, mume asiye na kazi, na mapazia ya kushona kwa kipande. Hizo ni sababu, nazo hazitoshi, nimezijumlisha mara nyingi.

Januari nikakuta risiti imening'inizwa kwenye kitasa. Galoni mia na themanini na saba. Lori lilikuja hapakuwa na mtu nyumbani. Dereva alikuta bomba la kujazia mahali pake pa siku zote, ndani ya mzabibu, na bomba la kupumulia kando yake. Unajua wanavyofanya: wanasikiliza ule mluzi wa hewa inayotoka, na mluzi ukinyamaza ndio tangi limejaa. Tangi lako la mchanga lilipiga mluzi. Lilipiga kwa galoni mia na themanini na saba, kisha likanyamaza.

Nikampigia meneja wao. Mdogo wangu, nilikuwa hodari siku hiyo. Nikamwambia nyumba inatumia gesi, boila ya mafuta haipo, amemimina kwenye bomba lililokufa, na kama anataka fedha zake tuite mji waje waone alikoyamimina. Nikamsikia akipekua karatasi. Kisha akasema atachana nakala yake ikiwa nami nitachana yangu. Nikachana. Kwa senti tisini na nane galoni, nilikuwa nimeiokolea familia dola mia na themanini na tatu na senti ishirini na sita, na nilijiona mtu. Nilimnunulia Lídia viatu.

Na usidhani sikufikiria yalipokwenda. Nilipiga hesabu hiyohiyo siku hiyo, juu ya bahasha. Mchanga una nafasi kama theluthi. Theluthi ya mia tano na hamsini ni mia na themanini na tatu. Nikasema basi mchanga umeyanywa, utayashika, yamekwisha. Vitundu saba sikuvihesabu.

Siku ya Pasaka Baba alipoweka vidole puani, nilikuwa nimeshika sahani za wajomba. Sentensi moja ingetosha. Nikapiga hesabu nyingine, hapohapo mlangoni: nikisema, mji utakuja, faini itakuja, Baba atanigeukia mimi, na wewe ni mwanamume, kijana, huna mtoto, hasira itakwisha kwa mwezi mmoja. Mwezi huo umefikisha miaka thelathini na moja na miezi saba. Na lile swali la kwa nini hukuchimba, nikujibu mwenyewe: nimekukasirikia kila siku kwa kutochimba, na kila siku nikaomba usije ukachimba.

Bado moja, na hili Mama hajalijua; nakuandikia wewe kwanza. Ulipopiga simu mwaka 2009 ukauliza kama uje Baba akiwa bado na pumzi, nilikwambia hataki kukuona. Hakusema hivyo. Sikumuuliza.

Ule ukurasa wa wakili nimeuchana Ijumaa, na huu ndio mchano pekee ninaojivunia. Udongo umeshatolewa tani thelathini na nane, na Thibodeau anasema zitafika hamsini kabla ya kifaa chake kuacha kunusa. Yote yanatoka kwenye fungu langu, na lisipotosha yatatoka kwenye karakana. Usinishukuru, nitakasirika. Ya ile kampuni usiniulize: ilikwisha kununuliwa ikanunuliwa tena, na meneja yule amelala makaburini kwa amani asiyostahili. Leo baada ya misa nimewaendea wote walio hai kati ya wale waliokula mkate wa Pasaka ile, wamebaki wanne, nikawaambia mmoja mmoja ukumbini huku wakinywa kahawa. Mjomba Serafim alilia, kisha akaniuliza kama kwa hasira ile Baba alikunyima sehemu yako ya divai ya mzabibu ule. Shangazi Deolinda alisema alijua siku zote. Ni mwongo, lakini leo sikuwa na ubavu wa kumwita mtu hivyo.

Usinisamehe kwa simu, nitakata laini. Usinisamehe haraka kwa namna yoyote. Kama una matusi, unayo haki, yaandike, na uyaandike yote, nitayasoma nimekaa.

Lídia anakusalimu. Alikuwa na mwaka mmoja ulipoondoka, na amenikasirikia kama mtu aliyekujua. Amechukua anwani yako na hakuniambia ya nini. Wasalimie binamu zetu wote, na umwambie daktari wa mgongo kwamba dada yako amesema uende.

Salamu za Mama sikuletei. Tangu Alhamisi hajasema nami. Jana mchana nikasikia kishindo ngazini: alikuwa anapanda kwangu, ngazi kumi na saba, anakaa kwenye kila moja, anapumzika, anainuka. Nilimkimbilia akanipungia mkono nikae mbali. Alipofika mlangoni akasema ameleta mambo mawili. Kwanza, nikuandikie, ili kosa ulisome kwa mwandiko wa mkosaji, na yeye atasubiri siku kumi barua ivuke maji. Pili, nimpe namba yako ya simu, kwa tarakimu kubwa, kwa sababu salamu zake kwako hazitapita tena mkononi mwangu.

Nimemwandikia. Tarehe ishirini simu ikilia, pokea.

Dada yako,
Odília